Hana Maumivu Tena

Mtu akiniuliza Mama Fanyi alikuwa nani, sianzi na kuzaliwa kwake wala ukoo wake. Hayo yana wenyewe. Sisi Waswahili wa Xiaobei, mtaa wa wageni huku Uchina, tulimjua kwa kazi. Fanyi ni mkalimani kwa Kichina, nasi tukamtilia "Mama" mbele kwa ajili ya umri, na kwa ajili ya ule mkono wake ambao ukikugonga begani unajua umegongwa. Wachina wa madukani walimwita hivyo hivyo. Hata yule mzee anayeuza mayai ya kuchemsha chini ya daraja la waendao kwa miguu, asiyejua Kiswahili hata cha salamu, akimwona kwa mbali alipaza sauti, "Mama Fanyi!" na kumchagulia yai ambalo halijapasuka.

Alivaa buibui jeusi na raba nyeupe za michezo, ingawa sijawahi kumwona akikimbia. Mkononi alikuwa na chupa ya chai ya tangawizi, hamwachii mtu amshikie. Alikuja huku kijana kwa ufadhili wa masomo, akasoma, wenzake wakarudi nyumbani kuwa wakubwa maofisini, yeye akabaki. Niliwahi kumuuliza kwa nini hakurudi. Akanijibu, "Kwani nani alidhani nitarudi?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake, na liliniudhi sana. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nafunga mizigo ya watu ya kwenda nyumbani, na kutwa nzima mdomo wangu haupumziki. Kuongea naye ilikuwa kama kutembea sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Ukimwambia, "Mama, leo lifti haijaharibika," atakutazama kwa jicho moja, lile jingine kalifumba.

"Kwani nani alidhani imeharibika?"

"Jana si ilikwama, Mama? Si tulipanda ngazi mimi na wewe?"

"Ahaa. Basi sawa. Endelea."

Hakuwa akifanya mzaha. Alikuwa na imani yake, na alikuwa tayari kuifundisha kwa yeyote anayesubiri chakula. Alisema neno la kukana haliendi peke yake, lazima lipande mgongo wa dhana ya mtu. Ukisema duka limefunguliwa, umesema duka. Ukisema duka halijafungwa, umesema duka na umemsema na yule aliyefikiri limefungwa. "Sasa kama hayupo," alikuwa akisema, "msikilizaji atamtafuta. Asipompata, atamuumba. Na atakayemuumba humjui wewe."

Mimi nilimwambia aende akasomeshe chuoni aniachie nifunge maboksi. Lakini siku moja nilimwona akiifanyia kazi imani hiyo.

Kijana mmoja wa Nairobi alitaka kupanga chumba katika jengo letu. Mwenye nyumba alikuwa mama wa Kichina, mnene, mwenye uso mzuri, ameshika funguo. Kijana akamwambia Mama Fanyi, "Mathee, mshow hivi: sisi si wezi, hatupigani, na hatuleti madem kwa nyumba." Mama Fanyi akamgeukia yule mwenye nyumba, akasema maneno marefu, mama wa watu akacheka na kumkabidhi kijana funguo. Kwenye lifti kijana akauliza ameambiwa nini.

"Nimemwambia unaamka mapema na unavua viatu mlangoni."

"Na ile yangu?"

"Ile yako ningeisema, saa hizi ungekuwa unatafuta kwa kulala. Yule mama hakuwa na mwizi kichwani. Wewe ndiye uliyetaka kumwingizia mwizi ndani kwa mdomo wako, halafu umwambie hayupo."

"Zii, Mathee," kijana akasema, "umenibamba!"

"Na hiyo 'zii' yako pia ni hapana," akamwambia. "Mwanangu, jifunze kuanza na ndiyo."

Basi huyo ndiye Mama Fanyi wa barabarani. Kule Shahe, kwenye soko la nguo, alikuwa mtu mwingine, mkali, mwenye macho manne. Wageni wakifika Shahe neno la kwanza wanalolijua ni mei you, hakuna, kwa kuwa ndilo wanalotupiwa usoni. Mgeni anaondoka kinyonge. Mama Fanyi hakuondoka. Alisimama akamtazama muuzaji. Mei you ya asubuhi, muuzaji akiwa kasimama na mkasi mkononi, ni hakuna kweli. Mei you ya mtu ambaye hajainua macho kwenye simu yake ni "sijatazama". Na iko mei you inayosemwa huku akikutazama kuanzia miguuni, hiyo ni "ninayo, ila si ya kukuuzia wewe." Kwa hiyo ya mwisho hakubishana. Alitushika mkono akatuvuta. Alitutafsiria mengi, lakini hiyo hakututafsiria hata mara moja. Alisema tu, "Hapa twende."

Kilichomfurahisha zaidi duniani ni kwamba Mswahili na Mchina, kwa jambo moja, ni ndugu wa tumbo moja. Ukimuuliza Mswahili, "Huendi?" naye haendi, atasema, "Ndiyo." Anakubali ulivyosema. Mchina vilevile. Lakini vijana waliolishwa Kiingereza shuleni watakujibu hapana, na wote wawili mtabaki mmekodoa macho. Tulikuwa tukila tambi kwenye mkahawa mmoja wa Waislamu, na yule kijana wa Nairobi yuko nasi, tumboni ana vidonda. Mhudumu akamuuliza kwa Kichina, "Hutaki pilipili?" Kijana, kwa fahari ya maneno mawili anayoyajua, akajibu, "Bu!" yaani hapana. Bakuli likaja jekundu. Mhudumu alikuwa kamsikia vizuri: umeniuliza kama sitaki, nami nasema si kweli, nataka. Mama Fanyi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Kisha akambadilishia kijana bakuli, akala lile la pilipili yeye, machozi yakimtiririka.

Nayasema haya ya kucheka kwa kuwa yalikuwapo. Nisingependa mtu adhani maisha yake yalikuwa kilio kitupu.

Lakini yeye mwenyewe, fundi wa mahapana ya watu, lake hakuwa nalo. Hakujua kukataa. Mwanafunzi akimwomba waende polisi kuhusu viza, "Tutaona," na asubuhi yuko mlangoni. Mjamzito akimwomba aingie naye chumba cha kuzalia, "Tutaona," na anaingia. Wakati wa maonesho ya biashara ya Pazhou wafanyabiashara walimgombania kama maji ya bomba, wengine hata shukrani hawakutoa, naye alirudi amevimba miguu na kuiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Nilikuwa nikimgombeza kweli kweli.

"Mama, si useme hapana! Wewe unawajua wote wanaokutumia."

"Nikisema hapana, watajua nilidhani wananitumia."

Kwa jibu kama hilo utafanya nini? Nilimsugua miguu, basi.

Na salamu. Aliisema salamu yetu kila siku, lakini kila siku aliipiga jeki aangalie chini yake. "Sisi tunaamka tunakanusha," alisema. "Hujambo? Sijambo. Huna jambo? Sina. Kwani nani alidhani unalo? Mswahili, mwanangu, ameona mengi. Anadhani kila anayekutana naye ana jambo, ndiyo maana anauliza hivyo. Na mwenzake, hata kama anazama, anajibu sina." Nilimwambia huko ni kutafuta chawa kwenye kichwa cha kipara. Akasema, "Haya," akafungua chupa yake ya chai.

Sasa niseme la hospitali. Nimelizunguka vya kutosha.

Kulikuwa na mfanyabiashara wa Pangani, mtu mpole, aliyekuja kununua nguo za watoto. Aliugua hotelini, macho yakawa ya manjano, akalazwa. Ini lilikuwa limekwisha. Mkewe akapanda ndege kuja kumuuguza, kijana bado, hina ya mikononi haijafifia. Hakujua neno la Kichina wala njia ya kwenda sokoni. Mama Fanyi alikwenda naye hospitali kila siku, na mimi nilimpikia uji jikoni kwangu na kumpelekea. Mgonjwa alikuwa na maumivu yasiyosemeka. Ukifika mlango wa wadi unamsikia. Kwa hiyo mazungumzo yetu sote, sisi hapa na wazee kule Pangani kwenye simu, yalikuwa hayo tu: leo maumivu vipi, yamepungua, hayajapungua.

Siku ile ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini, mke katikati, ameshika chupa ya uji kwa mikono miwili. Daktari akatoka, akashusha barakoa, akamwambia Mama Fanyi maneno matatu: "Ren mei le." Neno kwa neno ni "mtu hayupo tena". Hata mimi, kwa Kichina changu cha kununulia maboksi na gundi, nilielewa.

Mama Fanyi akageuka. Nilimwona akiitazama ile chupa ya uji. Nilimwona akifumba jicho lake moja. Mtu aliyetufundisha sote kupima neno kabla ya kulitoa, siku ile moyo wake ulimtangulia. Akainama, akamshika yule mke mabega, akasema kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hana maumivu tena."

"Alhamdulillahi!" Mke aliruka. Akaubusu mkono wa Mama Fanyi, huku na huku. "Nilijua mimi! Jana alinibana mkono hivi, nikajua anapata nguvu. Alhamdulillahi Rabbi!" Na kabla yeyote kati yetu hajapata sauti, simu iko mkononi, anampigia mkwewe.

Nilitaka kusema. Mdomo huu usionyamaza, siku hiyo ulichelewa.

"Mama! Daktari katoka sasa hivi. Hana maumivu tena!"

Sauti ya simu ilikuwa juu, tuliisikia sote. Mkwewe, bibi wa Pangani, akauliza polepole, "Kasemaje, mwanangu?"

"Hana maumivu tena."

"Yeye daktari ndiye kasema hivyo?"

"Kamwambia Mama Fanyi, naye kaniambia mimi. Hana maumivu tena, Mama!"

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," bibi akasema. Kikatoka kilio, na nyuma yake vilio vingine, nyumba nzima.

Mke akaishusha simu kidogo, akaitazama. "Mama, mbona mwalia? Nimesema hana maumivu. Mama? Nimesema..." Kisha akainua uso, akamtazama Mama Fanyi.

"Kwani hukusema amepona?"

"Sikusema amepona."

"Hukusema amekufa!"

"Sikusema, mwanangu."

"Basi wewe mwanamke umesema nini?"

Mama Fanyi akafumbua lile jicho. "Amekufa," akasema. "Mumeo amekufa."

Yule binti hakulia pale. Aliiweka chupa ya uji kwenye benchi, akaisimamisha vizuri isianguke. Akasema, "Umenifanya nimshukuru Mungu kwa kufa kwa mume wangu. Nimemshukuru mara mbili." Akaingia wadini peke yake.

Nimeliwaza jambo hili miaka yote. Neno lilikuwa moja, limetoka kinywa kimoja. Bibi wa Pangani alikwisha zika mume na wana, na moyoni alikuwa amekwisha mwachia huyu naye, kwa hiyo neno lilipomfikia lilikuta kaburi limekwisha chimbwa. Mke alikuwa na uji wa moto mikononi. Anayesubiri mtu ale, umwambie hana maumivu, ataelewa nini kingine? Nilimkasirikia Mama Fanyi, na nilimhurumia, na nilimkasirikia tena. Yeye ndiye aliyejua. Mimi ningekosea hivyo, ingekuwa ujinga tu.

Siku chache baadaye tulikutana na yule mjane darajani, akifuatilia karatasi za kusafirisha maiti. Mama Fanyi akasimama mbele yake. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hujambo, mwanangu?"

Mjane akamtazama usoni. "Nina jambo," akasema. "Na wewe unalijua." Akapita.

Tangu nizaliwe sijawahi kusikia mtu akiijibu salamu ile namna ile. Mama Fanyi alishika chuma cha daraja, magari yanapita chini, watu wanampita kwa mabegi yao. Mzee wa mayai alimwita kutoka chini, hakuitika.

Alibadilika. Hospitali aliendelea kwenda, maana hapana bado ilikuwa haimtoki, lakini ulimi wake ukawa kama nyundo. Alisema "amekufa". Alisema "mtoto amekufa tumboni". Alimwambia mwanafunzi aliyefutiwa ufadhili, "Umefukuzwa," na kijana akaniuliza mimi ni shetani gani kamwingia yule mama. Watu wakaanza kumkwepa. Wakasema Mama Fanyi siku hizi ana roho mbaya. Nilijua halikuwa hilo, ila kumtetea nilichoka, na wengine walikuwa na haki ya kuumia. Neno la kweli nalo linavunja mbavu likirushwa.

Ndipo siku moja, tukila tambi mahali petu pale pale, akanitaka ahadi.

"Siku yangu ikifika," akasema, "daktari hataniambia mimi. Huku wanamwita ndugu nje ya mlango, wanamwambia yeye. Mgonjwa anaambiwa mei shi, hamna kitu, pumzika. Binti yangu yuko Tanga, kwa hiyo ndugu yangu mimi huku ni wewe."

"Mama, kula. Nani anakufa hapa?"

"Kwani nani alidhani hafi?" Hakutabasamu. "Ukirudi chumbani usinipe 'si', wala 'ha', wala 'hamna'. Mimi nimekuwa mdomo wa watu maisha yangu yote. Nataka langu niambiwe wazi, kwa neno lililosimama kwa miguu yake. Apa."

"Siapi kwa mambo ya kifo mezani."

"Apa, mwanangu."

Nikaapa. Nilimchukia kidogo kwa hilo, sifichi. Mtu anakukabidhi jiwe halafu anaendelea kula.

Aliugua mwaka huu. Alianza kukonda, buibui likawa linatembea nyuma yake. Kila asubuhi nikimuuliza, "Mama, hujambo?" ananijibu, "Sijambo." Na mimi nikimuuliza, "Kweli?" anasema, "Salamu ni salamu, usiichokonoe," yeye aliyetuchokonolea salamu miaka yote! Mwisho nilimvuta kwa nguvu hadi hospitali, nikijiandikisha kuwa bintiye. Wala hakubisha.

Daktari alikuwa kijana, mpole. Aliniita nje ya mlango, kama Mama Fanyi alivyonitabiria. Akanieleza ugonjwa ulivyoenea na mahali ulikofika, akanitazama kuona kama nimefuata, akamalizia, "Mei banfa le." Hakuna njia tena. Kisha akanishika kiwiko, akaniambia nisimwambie mgonjwa, nimwambie hamna kitu, ale anachopenda. Alimaanisha wema. Hata kwetu wako wengi wangesema hivyo. Nilisimama pale ukumbini, watu wanapita na vyombo vya chakula, na nikajua kwa nini Mama Fanyi siku ile alisema alivyosema. Nilikuwa na maneno matamu kumi mdomoni, yote yameanza na "ha".

Nikaingia. Alikuwa amekaa kitandani, chupa ya chai mapajani, amelifumba jicho moja.

"Kasemaje?"

Nikamshika mkono. Nilikuwa nalia tayari. "Unakufa, Mama."

Akavuta pumzi. Kisha akanipapasa mkono kama mimi ndiye niliyeambiwa. "Ahsante," akasema. "Ahsante, mwanangu. Na yeye, kwa maneno yake, kasemaje?"

"Mei banfa le. Hakuna njia tena."

"Tena!" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Kwani nani alidhani ilikuwapo?"

Tulicheka wote wawili, machozi yananitoka, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akatugeukia kutazama hawa wanawake wenye wazimu. Wakati huo huo simu ya Mama Fanyi ikalia. Alikuwa bintiye, aliyeko Tanga, anapiga na picha. Nilimwona kwenye kioo, yuko jikoni, ana mwiko mkononi, nyuma yake sufuria inafuka.

"Mama! Hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Huumwi? Mbona uko kitandani?"

"Siumwi. Nimejilaza tu."

"Hujakonda wewe?"

"Sijakonda. Ni hii simu yako mbovu. Pika, usiunguze."

Alipokata, moto ulinipanda kichwani. "Mama! Mimi umeniapisha mbele ya bakuli la tambi, umenifanya nikutamkie kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu wewe yule unampa siumwi, sijakonda! Ndiyo haki hiyo?"

Alinisubiri nimalize. "Umemwona yuko wapi?"

"Jikoni."

"Na nani?"

Nikatazama ile simu iliyozimika. "Peke yake."

"Mimi uliponiambia, ulikuwa umenishika mkono," akasema. "Na yule mke wa Pangani, nilikuwa nimemshika mabega. Kumshika nilimshika, neno ndilo sikumpa. Sasa huyu nikimpa neno, nani atamshika? Atadondokea moto." Akalala chali, amechoka. "Nikifa utampigia wewe. Kwanza muulize yuko na nani. Kama yuko peke yake, mngoje. Hata ikichukua mchana kutwa, mngoje. Halafu mwambie wazi."

Alikufa siku ya Jumatano. Huku ilikuwa saa nane mchana, kwao saa tatu asubuhi. Nesi alikuja akamfunika, akaniambia lile lile, ren mei le, nikasema ninajua. Chupa ya chai ilikuwa bado na vuguvugu. Nikatoka ukumbini, nikakaa kwenye benchi, nikapiga Tanga.

Bintiye alipokea hapo hapo. "Dada! Mama hajambo?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Limekaa ulimini mwa Waswahili wote tangu na tangu, linatoka lenyewe. Nikaling'ata.

"Mdogo wangu," nikasema, "uko na nani hapo?"

Nilisikia kitu kikichemka jikoni kwake. Kila mtu wa kwetu analijua swali lile.

"Mama hajambo?" akauliza tena, kwa sauti ya mtoto.

"Uko na nani?"

"Niko peke yangu."

"Zima moto. Nenda kwa jirani. Usikate simu, niko na wewe."

Nilisikia jiko likizimwa. Nikasikia kandambili zake, mlango, kuku, watoto wa watu barabarani, kandambili tena. Hakuharakisha. Nami sikumharakisha. Nilisikia akibisha hodi, na mwanamke akiitika kwa furaha, "Karibu! Hujambo?" Hakumjibu. Yule mwanamke akauliza tena, "Hujambo, shoga?" Kisha sauti ikabadilika, "Una nini? Njoo, njoo hapa."

"Nimefika," bintiye akaniambia.

"Amekushika?"

"Amenishika."

"Mama amekufa," nikasema.

"Ndiyo," akasema.